Kwa Furaha, kuhusu ule wasiwasi wa tangu utotoni

Bukavu, Jumamosi jioni

Dada Furaha,

Jambo sana. Unauliza kama volkano ya Nyiragongo ya Mei 2021 ndiyo iliyokuharibu. Kweli, ardhi kutetemeka siku nyingi baada ya tarehe 22 kuliwaongezea watu wa Goma mzigo. Lakini mtoto anayeumwa tumbo kila asubuhi ya masomo na kupona Jumapili, huyo wasiwasi tayari anao. Kwenu waliita uvivu, wakakupa dawa ya minyoo. Mtoto hana maneno, tumbo ndilo humsemea.

Kwanza muombe muganga apime damu na tezi ya shingo, kipimo cha TSH. Tezi ikizidisha kazi, moyo hukimbia, mikono hutetemeka, na hakuna maombi yatakayouzima moto huo. Punguza na kahawa: ukinywa saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tatu usiku.

Moyo ukianza mbio, usivute pumzi kubwa kubwa. Hapo wengi hukosea. Ukihema sana, kaboni dayoksaidi hupungua mno katika damu, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, nawe unadhani unakufa. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, kwa dakika 5. Zoea kila siku ukiwa umetulia. Shambulio lenyewe la woga kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10, kisha hushuka.

Sasa soko la Virunga unaloogopa kuingia. Kila ukirudi nyuma njiani unapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo chakula cha woga: ubongo unashika kwamba umepona kwa sababu ulikimbia. Andika hatua 8 hivi za kulikaribia soko, kila moja uipe alama ya woga kati ya 0 na 10. Kusimama ng'ambo ya barabara, labda 3. Kununua mboga za lengalenga pembeni, 5. Kuingia katikati watu wakijaa, 9. Anza na ile ya 3, usiondoke mpaka woga upungue karibu nusu, hata ikichukua dakika 45. Irudie mara nne au tano kwa wiki mpaka ikuchoshe, ndipo upande hatua inayofuata. Mdogo wako akusindikize mara ya kwanza tu. Akizoea kuja, utaamini usalama ni yeye. (Siku ya risasi baki nyumbani. Huo si ugonjwa.)

Na ile Valium ya farmasia? Inatuliza upesi, ndiyo ubaya wake. Baada ya wiki chache mwili huizoea na kudai zaidi. Lakini usiiache ghafla, inaweza kuleta degedege. Muganga aipunguze kidogo kidogo. Akikuandikia fluoxetine, dawa ya wasiwasi na huzuni, mara nyingi miligramu 20 asubuhi, jua kwamba huchukua wiki 4 hadi 6 kushika, na siku za mwanzo unaweza kuhangaika zaidi. Wengi huitupa hapo hapo. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje miadi, nenda kwa muganga siku hiyo hiyo.

Goma mna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, cha watawa Mafrera wa Charité. Uliza pia mazungumzo na mwanasaikolojia, si vidonge peke yake.

Nitumie hatua zako 8 kabla hujaanza. Nakujua, ya kwanza utakuwa umeiweka juu mno.

Rafiki yako,
Mapendo