Kabla Hujapanda Basi la Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Mdogo wako amenifikishia shikamoo yako, marahaba. Hapa nyumbani tu wazima, na bibi yako presha imeshuka kidogo tangu abadilishiwe dawa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatumalizi neno. Nikianza tu kukuuliza habari za yule mama aliyekuwa keshia wa saccos yetu, chama chetu cha akiba na mikopo, mara mtandao unakatika, mara mpo kwenye kikao, mara utanipigia baadaye. Mdogo wako nimemwagiza akukabidhi barua hii mkononi huko Sinza, asiiache kwa wenzako.

Muswada wako wa filamu kuhusu pesa zilizopotea kwenye saccos nimeusoma wote. Nilitumia miwani ya bibi yako, maana yangu imekatika mkono. Sikujua kama unaweza kuandika hivi. Pale wanachama wanapopanga foleni nje ya ofisi ya saccos tangu alfajiri, vitabu vyao vya akiba wamevifunga kwenye rambo visilowe mvua, nilishindwa kuendelea, nikaenda kukaa nje kwanza. Ndivyo ilivyokuwa. Na yule mzee anayeuliza "kwa hiyo hela yangu iko kwa nani?" halafu hakuna anayemjibu, naye ndivyo alivyouliza. Ulikuwa mdogo, sijui uliyashika vipi yote hayo. Baba yako nilimsomea kurasa kadhaa, akanyamaza, kisha akasema huyu mtoto alikuwa anatuangalia.

Lakini ule ukurasa ambao keshia anaingia gesti na mwenyekiti, nani alikwambia? Mwanangu, hilo halikutokea. Mtaa mzima hakuna aliyewahi kulisema, hata wale waliokuwa wakimtukana mchana kweupe. Umelitunga wewe. Nilipokuuliza ukanijibu kwamba sinema isiyo na mapenzi hainunuliwi.

Umemwona yule mama? Umemsomea ulichoandika? Nijibu hilo tu, mengine yote tutaongea.

Unasema jina umelibadilisha na mnakwenda kushutia Mwanza, kwa hiyo hakuna atakayemjua. Mwanamke keshia wa saccos, mjane, mama wa mapacha, amekaa rumande, mahakama imemwachia huru, sasa anauza vitumbua asubuhi. Mbagala nzima ni nani hatamjua? Wanawe wako sekondari. Watoto wenzao wataitazama filamu kwenye simu, na kitakachobaki kichwani mwao si vitabu vya hesabu. Kitabaki kile chumba cha gesti.

Usidhani sielewi kazi yako. Ule mchezo wa Waingereza ulioniwekea kwenye flashi, Mr Bates vs The Post Office, niliutazama, kisha nikaurudia peke yangu. Uliniambia niangalie nguvu ya filamu, nikaiona. Kompyuta za posta zao, ule mfumo wa Horizon uliotoka Fujitsu, zilikuwa zinaonyesha shoti, yaani upungufu wa pesa, ambazo hazikuwepo, na kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 waliozitumia wakatiwa hatiani. Waandishi walishaanza kuandika mwaka 2009. Mahakama Kuu yao ilishasema mwaka 2019 kwamba mfumo ule una hitilafu. Watu walisoma, wakapita. Mchezo ukaonyeshwa Januari 2024, usiku nne mfululizo, na kufika Mei Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu zile. Kwa hiyo ukiniambia filamu inaweza kufanya kilichowashinda wanasheria kwa miaka, sikubishii.

Na sisi tunazo habari za kutosha. Nilimwona Waziri Mkuu akijiuzulu Februari 2008 kwa sababu ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, nikafuatilia kashfa ya pesa za akaunti ya Escrow mwaka 2014 mpaka usiku wa manane mjadala ukiendelea Dodoma. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kila mwaka inasomwa, tunashtuka wiki mbili, tunarudi kwenye shughuli zetu. Kama kuna watoto wa nchi hii wanaoweza kutufanya tukae na jambo mpaka lituume, na wewe ni mmoja wao, sitakuwa mimi wa kukuzuia. Ada ya kozi yako sikuitoa kwa moyo mkunjufu, sawa, lakini niliitoa.

Ila katika mchezo huohuo, angalia walivyofanya. Yule mama mwenye duka, Jo Hamilton, anapiga simu kuomba msaada, na shoti ya pauni 2,000 inageuka 4,000 mbele ya macho yake. Nilisimamisha hapo. Nilimwona keshia wetu kabisa, ingawa kwake haikuwa kompyuta, ilikuwa vitabu viwili, kimoja cha kabatini na kingine alichokaa nacho mwenyekiti. Sasa huyo Jo Hamilton ni mtu wa kweli, yu hai, jina lake ni hilohilo, na aliyeandika mchezo alikwenda kwake akamsikiliza. Si kwamba hawakubuni kitu. Wale wakaguzi wa kujitegemea waliochunguza mfumo waliwaunganisha wakawa mtu mmoja, wakampa jina la kutunga, Bob Rutherford. Kubuni kwa namna hiyo nakuelewa. Wamebuni pale ambapo hakuna mtu atakayeamka asubuhi akakuta amevuliwa nguo.

Halafu kuna ile nyingine, ambayo hukuniwekea kwenye flashi. Mdogo wako ndiye aliyenitafutia. Richard Jewell, ya Clint Eastwood, mwaka 2019. Nadhani unaijua vizuri kuliko mimi, na ndiyo maana nakuuliza ulipoitazama uliona nini. Mlinzi anaona begi lenye bomu kwenye bustani ya Olimpiki ya Atlanta, Julai 1996, anasaidia kuwaondoa watu, kisha wapelelezi wa FBI wanamgeuzia yeye na magazeti yanamwanika. Oktoba mwaka huohuo wakamsafisha. Aliyetega bomu, Eric Rudolph, alikiri mwaka 2005. Habari inayostahili filamu kabisa, taasisi kubwa inamsaga mtu mdogo. Lakini ndani yake wakamweka mwandishi wa gazeti la pale, Kathy Scruggs, kwa jina lake halisi, wakamwonyesha akitaka kulala na ofisa wa FBI ili apewe habari. Mwanamke huyo alifariki mwaka 2001. Hakuweza kusema chochote. Gazeti lake likaandika kupitia wakili kwamba halina ushahidi wowote wa jambo hilo, likataka waliotengeneza filamu watangaze kwamba wametunga, nao wakakataa.

Na huyo ofisa wa FBI anayelala naye kwenye filamu? Wamempa jina la kubuni. Mwanamume kafichwa, mwanamke kaachiwa lake.

Rudi kwenye muswada wako, mwanangu. Mwenyekiti umembadilisha jina, kabila, mkoa, mpaka ukamfanya mtu aliyesoma Urusi. Ukimsoma, hata mkewe hatamtambua. Kwa nini umemficha yeye vizuri hivyo? Kwa sababu ana wakili na ana gari? Na keshia umemwacha na mapacha wake na vitumbua vyake kwa sababu utamwomba samahani ukipita asubuhi? Hili limenikera, na nakwambia wazi, kwa sababu sikukulea hivyo.

Wakubwa wenye majina nao huteleza. Spotlight ilipewa Oscar ya filamu bora, inahusu waandishi wa Boston Globe walivyofichua mapadri waliowadhulumu watoto na maaskofu waliowaficha, na kwa jinsi nilivyoiona ni filamu yenye heshima. Hata hivyo kulikuwa na Jack Dunn, ofisa wa Boston College, aliyelalamika kwamba amewekewa mdomoni maneno ya mtu anayetaka kuzika jambo. Mwaka 2016 kampuni ya filamu ikakubali hadharani kwamba maneno yale yalitungwa. Yeye alikuwa na chuo nyuma yake na wanasheria. Mama yetu ana nani?

Unajua baada ya kesi alivyoishi. Vitumbua vyake vilikuwa vinarudi nyumbani sinia zima. Hata sisi wanachama tulikuwa tunavuka barabara kabla ya kufika mezani kwake. Mahakama ilikuwa imeshasema hana hatia, na bado. Imechukua muda mrefu watu kumrudia, na wengine hawakurudi. Sasa wewe unakuja na taa na kamera kusema hakuiba, ila alikuwa hawara wa mwizi. Unadhani watabaki na lipi?

Baba yako anasema nikuache, wewe ni mtu mzima. Amesema pia kwamba ukitoa ule ukurasa filamu itakuwa kali zaidi, kwa sababu mtazamaji atatafuta sababu ya yeye kukamatwa na hataipata, zaidi ya kwamba saini yake ndiyo ilikuwa ya chini. Yeye si mtu wa sinema lakini amekaa kwenye stoo za watu miaka mingi, anajua saini ya chini ina maana gani. Fikiria hilo. Nadhani ana haki.

Kibali mmekichukua? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, si ya jana, na Bodi ya Filamu watataka kuuona muswada. Usikubali wenzako wakwambie mtashuti kimyakimya halafu mtaona mbele ya safari. Na kule Mwanza uende kwa adabu. Watu wa kule wanaikumbuka ile Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, iliyoonyesha minofu ya sangara ikipanda ndege na watu wakibaki na mapanki, yale mifupa na vichwa vya samaki. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani. Ubaya na uzuri wa ile filamu watu wanabishana mpaka leo, na mimi naona mengi yaliyomo yalikuwa kweli. Lakini aliyepiga picha aliondoka, na walioonekana wakizungumza mbele ya kamera walibaki palepale kujibu. Kwa hiyo ukifika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, ukaona sura nzuri ya kuchukua, muulize mwenye sura.

Nimerudi kulekule, najua. Kila ninapoanza jambo jingine naishia kwa huyu mama. Ndiye ninayekutana naye bombani.

Halafu maji. Wiki hii yametoka usiku tu, na simtanki limepasuka chini, fundi ameliziba kwa kuyeyusha plastiki lakini naona bado linavuja. Usitume hela ya jipya sasa hivi, utaihitaji safarini. Mahafali ya mdogo wako michango imeanza, shati nitamshonea, viatu atavaa vile ulivyoviacha, vinamtosha. Mama mkubwa wa Kigamboni anauliza kama kweli unaenda kuigiza, nimemwambia huigizi, unaandika na kuongoza, akasema basi ni ualimu. Mpigie simu, amekununia tangu Idi.

Nisikilize sasa. Safari yenu ni Jumapili. Njoo nyumbani Alhamisi. Yule mama hufunga biashara asubuhi, mchana hulala, akiamka huwa kibarazani mpaka magharibi. Nitakusindikiza mpaka kwake, nitamsalimia, kisha nitarudi. Kuongea utaongea mwenyewe. Usiende na mkataba wa kusaini wala simu ya kurekodi. Nenda na muswada, umsomee kuanzia kwenye foleni. Ukifika kwenye ule ukurasa, kama mdomo wako utaweza kuutamka mbele yake, basi mimi sitasema tena. Kama hautaweza, unajua cha kufanya kabla ya Jumapili.

Akisema hataki kabisa, mwanangu, itakuuma, na wenzako watakasirika kwa sababu ya gharama. Mtu aliyepokonywa jina lake mara moja ana haki ya kusema hapana. Lakini namjua, sidhani kama atakataa. Kuna siku aliniambia kinachomkera si rumande, ni kwamba hakuna aliyewahi kumwomba aeleze vile vitabu viwili vilikuwaje. Anavyo kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Wewe umeandika mambo yake yote haya bila kumuuliza hata hesabu zilikuwaje, na hapo ndipo muswada wako ulipo mwembamba. Ile sehemu ya ukaguzi umeipitia haraka mno, mtu haelewi pesa ilitokaje. Yeye atakueleza.

Ukija pitia Rangi Tatu uninunulie dawa za bibi yako, cheti nimempa mdogo wako. Njoo na lile hotipoti langu la bluu, nalihitaji kwa ajili ya mahafali. Chukua na lile koti la baba yako, asubuhi ziwani kuna upepo na wewe kifua chako nakijua. Mbezi mfike mapema, msipande basi la kubahatisha. Ukirudi niletee dagaa, wale wa kukaanga, si wale wa kulishia kuku kama ulivyoletewa mara ile.

Alhamisi napika wali wa nazi. Usile njiani.

Mama yako