Sisi tuliolala kwenye Coaster tunaomba choo na maji

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wako hapa Uyole, Mbeya, gazeti huwa linanifikia likiwa limeshapita mikono ya watu watatu na limefungiwa maandazi lakini linanifikia. Naomba nafasi kidogo nina jambo la sisi tunaosafiri na familia na kulala kwenye gari, limenikaa kooni tangu likizo ya mwezi wa sita na baba watoto ameshachoka kunisikiliza, kasema mwandikie mhariri, haya nimekuandikia.

Sisi tuko sita, mimi, baba watoto, mama mkwe wangu ambaye watoto wanamwita bibi na mi nimezoea kumwita hivo hivo, na watoto watatu, binti yuko kidato cha pili, wa kati darasa la tano na wa mwisho ana miaka minne. Baba watoto ni fundi bodi. Mwaka juzi alinunua Coaster iliyokufa injini, ilikuwa daladala ya Uyole na Mbalizi miaka na miaka, akawa anaitengeneza kila akipata hela kidogo, leo injini, kesho plaiwudi, keshokutwa magodoro, mpaka ikawa nyumba. Nyuma kitanda cha bibi na binti na pazia lake, katikati meza inayokunjwa inakuwa kitanda, jiko la gesi la plate mbili, tenki la maji la lita 200 chini ya kiti, sola juu ya paa na betri ya pili ili usiku tukiwasha taa na kuchaji simu asubuhi gari isigome kuwaka. Watoto wanaiita Kibanda. Majirani walicheka sana, eti fundi kahamia gereji na mke wake.

Basi likizo shule zilipofungwa tukaondoka, siku 23. Tulianza na Tukuyu, tukashuka Kyela mpaka Matema kuogelea ziwani, huko hatukupata shida yoyote maana ndugu wa bibi wapo Ipinda, unapaki kwenye uwanja wa mtu, choo kipo, maji yapo, ndizi mpaka unakimbia. Ningekomea hapo nisingekuwa na barua ya kuandika.

Shida ilianza tuliporudi barabara kuu kuelekea Iringa. Kwanza watu hawakuelewa sisi ni nini. Gari ina namba ya njano ya gari binafsi sasa lakini umbo ni lile lile la daladala na ubavuni ule mstari wa rangi haujafutika vizuri, kuanzia Inyala mpaka Igurusi tunapungiwa mikono na kina mama wenye magunia. Pale Chimala tumesimama tunakula, mlango wazi, mzee mmoja akapanda na kuku wake wawili, akakaa kitandani kwa bibi, akauliza Makambako shilingi ngapi. Bibi akamwambia karibu chai. Akanywa, akatuaga, akashuka. Mpaka leo mtoto wa mwisho anauliza yule babu na kuku wake atarudi lini.

Sasa usiku. Mhariri, mtu mwenye lori ana pa kulala kwenye barabara hii, anajua yadi zake, mama ntilie wake, bafu lake la ndoo mia tano. Basi la abiria lina hoteli zake za kusimama. Mwenye hela ana gesti. Lakini familia yenye gari ya kulala ndani haina pake. Usiku wa kwanza tukaomba kwenye sheli moja, sitaitaja, yule kijana wa pampu kakubali kwa elfu tano tukashukuru, saa nne usiku akafunga choo akaondoka na ufunguo. Na usiku huo binti yangu alikuwa kwenye siku zake. Unajua maana ya kumsindikiza mtoto wa kike wa miaka kumi na mitano nyuma ya malori na dumu la maji na tochi ya simu, huku matingo wanapiga soga? Alilia, akasema mama turudi nyumbani. Mi nilivumilia mambo mengi safari hii lakini hilo bado linaniuma na ndo sababu kubwa ya barua hii.

Usiku wa pili tukaona bora tukimbie barabara kuu, tukaingia kijiji kimoja upande wa Njombe, tukapaki pembeni ya uwanja wa mpira, kimya, nyota zote, saa tano usiku mlango unagongwa na rungu. Mgambo wawili. Nyie ni kina nani, mnahamia, mmebeba nini. Baba watoto anaeleza sisi ni watalii wanamwangalia, watalii wa wapi? Wa Mbeya. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Na mi siwalaumu, gari isiyojulikana imezima taa kijijini na watoto ndani, ningekuwa mimi ningegonga pia. Tulichojifunza ni kwamba ukifika saa kumi na moja jioni nenda kwanza kwa mwenyekiti, jitambulishe, muoneshe watoto, muoneshe bibi. Hasa bibi. Toka siku hiyo tukawa tunamtanguliza yeye, yeye anasalimia kwa kinyakyusa, ugonile, wao wanajibu kamwene, salamu ya huko kwao, hakuna anayeijua lugha ya mwenzake lakini dakika kumi baadaye tumeletewa viazi. Halafu mnyakyusa akikuuliza ugonile anakuuliza umelala, na kwa usiku tuliokuwa tunaupata jibu la kweli lilikuwa hapana.

Baridi nayo. Mwezi wa sita Njombe na Makambako si mchezo, upepo unapita mpaka kwenye mifupa. Watu sita mkilala kwenye gari iliyofungwa vioo asubuhi vinatiririka maji, ni pumzi zenu hizo zimegota kwenye kioo cha baridi, mablanketi yanalowa pembeni. Dawa yake ni kuacha vioo viwili wazi kidogo, kimoja mbele kimoja nyuma, na hapo ndo ugomvi unapoanzia maana bibi anataka kifungwe. Siku moja akasema basi leteni jiko la mkaa ndani tuote. Nikasema bibi hapana. Akasema mi nimezaa watoto saba nimewalea na jiko la mkaa. Nikasema bibi ule moshi usioonekana hauna harufu hauna rangi, mnalala mnaota moto asubuhi hakuna anayeamka, na nyumba yako Kyela ina matundu kila kona hii ni bati limefungwa. Alininunia siku mbili. Na kununa kwenye gari ni kazi kwelikweli, nyumbani mtu akinuna anaingia chumbani anabamiza mlango, kwenye Coaster ukinuna magoti yenu bado yanagusana, na chumvi utamwomba tu.

Maharage pia yalitugombanisha. Kyela bibi kazoea maharage yanaiva mapema, Njombe yamekaa jikoni mpaka mtungi ukaanza kulia, bibi anasema gesi yenu mbovu mmeuziwa upepo, binti akatoa fizikia yake, eti ukipanda mita 300 hivi maji yanachemka nyuzi moja chini, sasa Kyela iko chini karibu usawa wa ziwa na hapa tuko kama mita 1,900, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha kuivisha. Bibi kamwangalia, akasema kwa hiyo mwalimu wako anakula nini? Kesho yake tukaanza kuloweka maharage toka asubuhi tukiwa tunatembea, tukayafunika vizuri ndani ya ndoo, jioni yakawa yanaiva.

Iringa tulipapenda. Kalenga watoto wameona fuvu la Mtwa Mkwawa lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, wa darasa la tano alikuwa kimya mpaka tunatoka, si kawaida yake. Isimila ni karibu na barabara, kama kilomita 20 kabla hujaingia mjini ukitokea huku kwetu, zile nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale, mtoto wa mwisho kauliza hawa watu choo chao kilikuwa wapi. Mnaona safari yetu ilivyokuwa.

Huko mkoani Iringa ndo tukakuta sehemu moja ya wageni wenye magari ya kulala, nyasi zimekatwa, bomba la maji, umeme wa kuchomeka, bafu la maji ya moto. Tukasema hapa ndo penyewe. Yule kijana wa mapokezi akatutajia bei kwa kichwa, kwa dola. Nikamuuliza ya wenyeji ni bei gani, akaenda kumuuliza bosi wake, akarudi akasema bosi anasema hajawahi kuulizwa. Si kwa ubaya, kijana mwenyewe aliona aibu, mwisho wakatupunguzia tukalala siku mbili. Jirani zetu walikuwa wazungu na lori lao kubwa, baba mama na watoto wawili, wametoka Afrika Kusini wanapanda juu, miezi nane wako njiani. Yule mama akanionesha choo chao, ni ndoo tu yenye kiti na mfuniko, ukimaliza unamwagia vumbi la mbao, haina harufu kabisa, mkojo unaenda dumu lake peke yake. Mi nikacheka, wao vumbi la mbao wananunua kwenye mifuko huko kwao, sisi tumetoka kupita Mafinga, malundo ya maranda yamelala pembeni ya viwanda vya mbao mtu anakuomba uyaondoe! Tukarudi na viroba viwili. Kwa hiyo choo cha dharura tunacho sasa, lakini ndoo hiyo unaimwaga wapi asubuhi? Huwezi kuchimba shimo kwenye lami ya sheli, na porini kando ya mto ambao watu wanachota maji mi siwezi.

Na maji. Hili ngoja niseme maana nilimkasirikia baba watoto sana. Tulishuka mlima Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu na kuota joto, kushuka si tatizo ukishuka na gia bila kung'ang'ania breki. Kurudi, kabla ya kuanza mlima, kasimama akafungua koki ya tenki, maji yote yakamwagika chini, lita 200, maji ya kuoga na ya kupikia ambayo tulichota kwa bodaboda dumu kwa dumu. Nikamwambia una akili kweli? Akasema lita moja ni kilo moja, hapo nimeshusha kilo 200, ni kama nimeshusha wanaume watatu, injini hii naijua. Na kweli tulipanda, malori mawili tumeyakuta yamefungua boneti yanatoa mvuke, sisi tukapita polepole. Ila Ilula tumefika watu sita wachafu na ndoo tupu, jioni, nyanya zimejaa tenga kwa tenga hatuna maji ya kuzioshea. Tulizunguka zaidi ya saa nzima kutafuta bomba la mtu atakayetuuzia maji. Kama ningekuwa na uhakika kuna maji juu ya mlima nisingepigana na mume wangu chini ya mlima.

Ninachoomba Mhariri si kikubwa. Kila siku tunaambiwa utalii wa ndani, Watanzania tembeeni nchi yenu, na tunataka kutembea, ila vyumba viwili vya gesti kwa siku 23 mi siwezi na wengi hawawezi. Halmashauri zetu kutoka Tunduma mpaka Iringa tayari zina stendi za mabasi, zina choo, taa, mlinzi na bomba, na usiku uwanja mkubwa umelala tupu. Tengeni kona moja, gari kumi tu, andikeni bei ukutani kwa shilingi, elfu tano au hata elfu saba tutalipa na risiti mtupe, choo kisifungwe usiku, na pawe na shimo la kumwaga maji machafu. Hayo tu. Pesa ile ile ambayo sasa tunampa kijana wa pampu mkononi ingeingia halmashauri. Na akina mama wa chakula wangeuza, maana mi baada ya yale maharage nilikuwa nanunua ugali kila siku ya tatu.

Kuna mtu atasema nyie ni familia moja yenye wazimu wenu. Sawa, lakini tangu turudi wameshakuja watu wanne gereji kumuuliza baba watoto kutengenezewa, mmoja ana Noah, mmoja mwalimu anataka aende na wanawe mpaka Songea.

Mwezi wa kumi na mbili tunataka kwenda hifadhi ya Kitulo kuona maua, maana mwezi wa sita hayapo, tuliambiwa yanaanza na mvua mpaka mwezi wa nne. Ila zile kona 57 za kutoka Chimala kupanda Matamba baba watoto kasema Coaster haipandi, tutapanda na gari za huko. Kwa hiyo kama kuna msomaji wako wa Chimala mwenye uzio, choo na mahali pa kuacha gari siku nne, naomba aandike hapa hapa kwenye ukurasa huu na bei yake. Tutafika jioni kabla ya giza na bibi atakuja wa kwanza kusalimia.

Mama wa watoto watatu,
Uyole, Mbeya