Risala ya Kamati ya Ulinzi wa Mtoto ya Kata kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, walimu, wazazi na watoto wetu wapendwa:

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, tukijua kwamba barabara ya kuja huku machimboni haimbembelezi mgeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kamati yetu imeundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017, na historia yake haina haja ya kukuchosha. Itoshe kusema kwamba tumepiga hatua kubwa mno: tumefungua daftari la watoro, tumepata fulana hizi unazoziona, na tumewarejesha darasani watoto 7 waliokuwa wakifanya kazi mialoni, yaani sehemu za kuoshea na kuchenjulia dhahabu, ingawa 2 kati yao wameonekana tena huko.

Mheshimiwa, katika machimbo madogo ya dhahabu ya mkoa wetu wa Geita, mtoto hubeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, huyaponda mawe hayo, huchanganya zebaki na mchanga kwa mikono mitupu, kisha husimama karibu na moto wakati zebaki hiyo inachomwa ili ibaki dhahabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, lakini kazi za hatari, uchimbaji ukiwemo, imezikataza kwa kila aliye chini ya miaka 18. Mkataba Namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani nchi yetu iliuridhia tangu mwaka 2001. Sheria tunazo, tunachokosa ni Afisa Kazi, mtumishi wa serikali mwenye mamlaka ya kukagua maeneo ya kazi.

Sisi wanakamati hatuna mamlaka ya kukagua eneo la kazi la mtu. Tukifika mwaloni tunaulizwa tumetumwa na nani, na mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hutujibu kwamba watoto wale wamewaletea mama zao chakula. Wakaguzi nao wakija kwa msafara wa magari, vumbi lao huonekana mapema, watoto hutoweka, na taarifa huandikwa kwamba hali ni shwari. Operesheni iliyopita iliondoka na watoto na mama lishe mmoja; mwajiri hata mmoja hakuguswa.

Ombi la kuletewa Afisa Kazi si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi hapa hapa kwamba Afisa Kazi angefika kabla mwaka wa fedha haujaisha, nasi tukapiga vigelegele. Wa mwaka jana alisema suala liko kwenye mchakato. Tunaamini mchakato huo ungali unaendelea, kwa kuwa hakuna aliyetuarifu kwamba umekwisha.

Kwa unyenyekevu tunaomba Afisa Kazi apangiwe kituo wilayani, na kabla ya hapo aje walau kila mwezi, bila taarifa kutangulia, akifuatana na polisi wa dawati la jinsia na watoto, na wanaowatumikisha watoto wafikishwe mahakamani. Mahitaji ya sare na chakula cha mchana shuleni tunayo pia, lakini leo tumeyaacha kwa makusudi ili ombi hili lisipate pa kujificha.

Risala hii ina nakala mbili. Moja ni yako. Ya pili tunakuomba uisaini mbele ya mkutano huu, ukiandika tarehe ambayo Afisa Kazi atafika.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kamati