Wanachukua udongo na maji yetu, majibu hatuyaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalonikaa moyoni tangu kiangazi kilichopita. Ni kuhusu namna sisi watu wa vijijini Dodoma tunavyowapokea vijana wa vyuo vikuu vya sayansi wanapokuja kwetu kuchukua vipimo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na sasa ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji katika Wilaya ya Chamwino.

Walikuja wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, wakiwa na dereva wao. Chuo chao sitakitaja. Niseme tu kwamba ni cha wale waliofaulu sana hesabu na sayansi, na mtoto wa kijijini akichaguliwa kwenda huko, habari hufika hadi kitongoji cha mwisho. Walikuwa na kekee ndefu ya chuma ya kutobolea ardhi, mifuko midogo iliyoandikwa namba, chupa za kuchotea maji, na kidude cha mkononi kinachoonyesha mahali mtu aliposimama. Barua ya wilaya walikuwa nayo, imegongwa muhuri. Lakini hawakuanzia kwa mtendaji wa kijiji. Dereva aliona shamba zuri kando ya barabara, akasimamisha gari, wakashuka na kuanza kutoboa.

Haikupita nusu saa. Akina mama walishaanza kuwaita watoto waingie ndani, na vijana wa bodaboda walishaziba njia kwa pikipiki zao. Neno lilikuwa limekwisha kutembea: wanyonya damu wamekuja, mumiani. Nilipofika nilimkuta msichana mmoja amejifungia ndani ya gari analia. Mwenzake alikuwa nje anajieleza, na nusu ya maneno yake yalikuwa Kiingereza. Kila alipotaja sampuli, data na maabara, watu walisogea hatua moja mbele. Kwa mtu mwenye hofu, neno asilolielewa ni ushahidi. Nilisimama mbele ya mlango wa gari, nikaisoma ile barua kwa sauti, kwa Kiswahili kisha kwa Kigogo, nikampigia simu mwenyekiti wa kitongoji aje haraka. Baada ya muda mrefu watu walitawanyika. Hakuna aliyeguswa. Yule msichana aliposhuka aliniambia "shikamoo mwalimu" huku mikono yake inatetemeka, nami nikashindwa kuitikia vizuri.

Nilishindwa kwa sababu nilikuwa nakiwaza kijiji cha Iringa Mvumi. Oktoba 2016, katika wilaya yetu hii hii, watu watatu waliokuja kuchukua sampuli za udongo walishukiwa kuwa wanyonya damu wakauawa na wanakijiji. Wawili walikuwa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, na wa tatu alikuwa dereva wao. Walikuja kwa ajili ya udongo tunaolimia sisi. Miaka imepita, na huku kwetu jambo hilo halizungumzwi mikutanoni. Likitajwa, mtu huangalia chini, kisha hubadilisha mazungumzo. Mimi nasema tulizungumze, maana siku ile mbele ya lile gari niliona jinsi umbali ulivyo mfupi kati ya mama anayemwita mtoto wake ndani na kijana anayeokota jiwe.

Watu wa mjini wakisikia habari hizi husema ni ujinga. Sikubali. Kijiji changu kina vijana waliomaliza kidato cha nne, kina simu janja, kina watoto wanaosoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), chuo kilichoanzishwa 2007 pale mlimani na ambacho mabasi ya kwetu hukipita kila siku. Kuwaona wanafunzi tumezoea. Kinachotutia hofu ni mtu kuja na chombo, kuchukua kitu cha kwetu na kuondoka nacho.

Hofu hiyo ina historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa Kiingereza walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga, wakasafisha pori kubwa, mvua ikawashinda, udongo ukawashinda, na ilipofika 1951 mpango ukaachwa. Waliokuwa wanaijua mvua ya Kongwa hakuna aliyewauliza. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO. Makorongo ya Kondoa yalikuwa ya kutisha, hilo ni kweli, na ardhi ile imepona kwa kiasi kikubwa. Lakini mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka. Mimi nimewasikia wazee waliotoka huko wakieleza siku walipowatoa ng'ombe zao. Wanavyosimulia wao, kwanza walikuja watu wa kupima udongo. Halafu katika miaka ya karibuni zaidi wakaja watu wa kutafuta urani Bahi na Manyoni, na wao pia walitoboa ardhi. Sasa kijana akitokea na kekee yake shambani kwa mtu, usimwambie mwenye shamba kwamba hofu yake haina msingi. Mambo ya damu ni uongo na yameua watu. Lakini swali la kwamba shamba langu litachukuliwa au halitachukuliwa ni swali halali, na mwenye kuuliza anastahili jibu.

Iko na namna nyingine ya kuwapokea, na nayo hainipendezi, ingawa inaonekana ya heshima. Tukishahakikishiwa kwamba ni wa chuo kikubwa, tunawageuza kuwa serikali. Mama mmoja aliwaletea picha ya eksirei ya mtoto wake. Mzee mmoja aliwavuta hadi zizini wamtazamie ng'ombe asiyekula. Vijana wakaulizia ajira, wengine posho ya kukaa kwenye kikao. Wale ni watoto wa mwaka wa pili wanaojifunza habari za udongo. Wanaona aibu kusema hawajui, basi wanasema "tutawaletea, tutafuatilia." Ahadi iliyotolewa kwa aibu ndiyo inayotuharibia zaidi, kwa sababu sisi tunaikumbuka.

Hapo ndipo penye shina la maneno yangu, Ndugu Mhariri. Majibu hayarudi.

Sitaki kusema kwamba sayansi haijatusaidia. Mwaka ule ule wa 2016 watu waliugua Chemba, Kondoa, na Kiteto kule Manyara: macho ya njano, tumbo kujaa, wengine wakafariki. Uchunguzi ukaonyesha ni sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi, tena mengi ni mahindi waliyolima wenyewe. Habari hiyo ilirudi hadi vijijini. Tuliambiwa kwamba kuvu hupenda nafaka yenye unyevu, kwamba sumu yake haiondoki kwa kupika, na kwamba kuanika mahindi chini kwenye udongo ni kuyakaribisha maradhi. Leo nikitembea kijijini baada ya mavuno naona maturubai, na naona mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, katika nyumba ambazo zamani zilitegemea vihenge tu. Si kila nyumba, lakini naziona. Vivyo hivyo kule Kongwa, ambako watu walipimwa macho kwa miaka mingi kwa sababu ya vikope, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha. Watafiti walirudi tena na tena katika vijiji vile vile, wakaambiana na akina mama habari ya kunawisha watoto uso, na dawa zikagawiwa. Mtu anayerudi, sura yake inazoeleka. Hakuna anayemwita mumiani.

Sasa niwaeleze habari ya kisima chetu. Miaka mitatu kabla ya hao wanne, kundi jingine la wanafunzi lilikuja kupima maji. Walifuata utaratibu wote: wilaya, kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti. Walikaa nasi siku mbili, wakala ugali wa uwele na mlenda, wakajifunza kusema mbukwenyi, salamu ya Kigogo. Walitueleza kwa Kiswahili kizuri kwamba maji ya chini ya ardhi katika ukanda huu wa kati yanaweza kuwa na floraidi nyingi, kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwamba ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu meno ya watoto, na hata mifupa. Watu walitulia wakasikiliza. Kisha wakachota maji, wakaandika chupa, wakaondoka. Tangu siku hiyo akina mama wanachota maji yale yale wakiwa na shaka ambayo hawakuwa nayo zamani. Mimi mwenyewe nikimwona mtoto anacheka, natazama meno yake. Kumwambia mtu kwamba huenda maji yake yana kasoro, kisha ukanyamaza, ni vibaya kuliko kutokuja kabisa.

Nimeuliza kwa nini hawarudi. Mhadhiri mmoja niliyekutana naye mjini alinieleza kwamba mwanafunzi hupewa fedha ya kwenda kukusanya, akiisha kuandika ripoti yake anahitimu, na fedha ya kurudi kijijini haimo katika bajeti. Basi iwemo. Nauli ya basi na nakala za karatasi mbili kwa Kiswahili haziwezi kuishinda taasisi yenye mashine za kupima kitu kisichoonekana kwa macho. Na kama kurudi haiwezekani, waandike barua kwa mtendaji wa kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mimi mwenyewe niko tayari kuisoma mbele ya watu. Hata kama jibu ni kwamba vipimo viliharibika njiani, tutashukuru kuambiwa. Walimu wao wawafundishe pia kwamba kabla kekee haijagusa ardhi, mwenye shamba awe amesimama pale, na kwamba mbele ya wazee hawasemezani Kiingereza wao kwa wao.

Kwa jirani zangu nasema hivi: mgeni mwenye chombo apelekwe ofisini, asizungukwe. Anayeanzisha neno la mumiani ajue anaanzisha nini. Halmashauri ya kijiji chetu imekwisha kukubaliana kwamba wenyeviti wa vitongoji watapewa taarifa siku moja kabla, na kila kundi litatembea na mjumbe mmoja wetu. Nimejitolea kuwa wa kwanza.

Na kama barua hii itasomwa na wale vijana wa maji, ambao sasa bila shaka wamehitimu na wako makazini: zilikuwa chupa tatu, mkaziandika kwa kalamu nyeusi KIS 2, kisima cha pampu ya mkono kilicho karibu na shule. Bado tunakitumia. Tunaomba majibu.

Mwalimu mstaafu,
Chamwino, Dodoma.