Wifi yangu, daftari la mama silipigi picha

Wifi yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata kwenye kundi la familia, na kila aliyemo kausoma: nilipige picha daftari la mama la michoro ya kofia, ukurasa kwa ukurasa, nikurushie, kwa kuwa mwanao anaolewa na anataka kumshonea mumewe kofia ya ua la karafuu. Umeomba mbele ya watu, na mie nakujibu mbele ya watu. Silipigi picha.

Lakini jua kwanza kwamba nimefurahi, tena sana. Mtoto yule nimempakata, na leo ananiambia, "Shangazi, nataka kushona mwenyewe, kwa mkono, aivae Ijumaa ya mwanzo." Wasichana wangapi wa mjini wana fikra hiyo sasa? Joho na kilemba vinakodiwa, kofia inanunuliwa sokoni Darajani, Unguja, siku mbili kabla ya ndoa, basi. Mwanao kakataa. Hiyo ni damu ya mavyaa yako, na ni malezi yako pia. Haki yako sikunyimi.

Maana ulipoletwa huku Wete, Pemba, bi harusi, hukujua hata kupiga bandi. Mtu wa Unguja mjini, nguo zako zote za dukani, ukawa unakaa nasi baada ya Alasiri kwa kuona haya tu. Mama akakupa kipande cha bafta na sindano, akakwambia ua baadaye, kwanza tobo. Toboa, uzungushe uzi, pindo la uzi lilale ubavuni mwa mwenzake bila kupandiana, ukimaliza ulionyeshe kwenye mwanga wa dirisha. Likiwa na pembe, fumua. Ulifumua mpaka kitambaa kikachanika, ukalia, ukapewa kipande kingine. Na wallahi, baada ya hapo hakuna mkono uliofikia wako pale ukumbini. Matobo yako yalikuwa madogo, ya duara kamili, punje ya mchele haipiti, na upande wa nyuma msafi kama wa mbele. Mama alikuwa akipokea oda ya kofia ya viua kutoka kwa mtu mzito, matobo anakupa wewe. Mie binti yake nilipewa bandi. Sikuona wivu. Niliona tumepata mtu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitafuta maua. Watu wanadhani nakshi inashuka kichwani tu. Mama alikuwa akiuinua mkeka wa ukili, anautazama kwa upande, halafu anachora ile miraba yake kwenye daftari. Alipokwenda Mji Mkongwe kwa matibabu alirudi na waridi la kwenye kizingiti cha juu cha mlango na mnyororo wa kwenye miimo yake, kavichora nyuma ya karatasi ya dawa. Pindo la kanga ya jirani lilimtosha jioni nzima. Lakini ua lake hasa lilikuwa karafuu ambayo haijafunguka: kikonyo, meno manne, na kidonge juu. Na kwa kuwa alikuwa akitumia mkono wa kushoto, vikonyo vyake vyote vililala kushoto. Mchoraji mwengine yeyote wa Wete ukimpa penseli, vyake vinalala kulia. Ukiiona kofia msikitini unajua imetoka nyumba gani.

Na msimu wa karafuu wenyewe tukiweka sindano chini. Mikono ikishachambua karafuu haigusi bafta nyeupe, doa lile halitoki hata kwa sabuni ya kipande. Siku hizo tulikuwa tukishona foronya za rangi na kuhesabu zamu za upatu. Zamu yako, nakumbusha, haikuchelewa hata mara moja.

Mlipohamia Unguja nililia, ingawa nilijua kaka kapata kazi. Hukutusahau. Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima ilipokaa bila umeme, mafundi wa mashine mtaani kwenu walikaa wamekunja mikono, na wewe ukatuletea bafta kwa boti na oda juu yake. Tulishona mchana mlangoni na usiku kwa kandili. Ukanipigia simu ukaniambia, "Wifi, mikono yetu haingoji umeme." Maneno yako hayo. Nimeyarudia kwa kila msichana aliyeingia kwenye kikundi chetu cha kushona, na jina lako nalitaja, mpaka leo.

Ndiyo maana siku ya hitima ya mama sikuelewa nilichokiona.

Nilikuwa nikipitisha sinia mlangoni, kwa wanaume. Alikuwepo kijana mgeni, amekuja na watu wa Unguja, kakaa karibu na kizingiti, kainama anasoma. Kofia ilikuwa usoni kwangu kabisa. Ua la karafuu. Meno manne, kidonge, na vikonyo vyote vimelala kushoto. Nikadhani ni ya mama, ya zamani, moyo ukaniruka. Halafu nikaona matobo: yote sawasawa mno, hayana uzito, uzi umelala juu tu. Ya mashine. Nikamuuliza kwa adabu kaipata wapi. Darajani, akasema, zipo nyingi, rahisi.

Nikaja jikoni. Ulikuwa unapakua pilau, na shangazi zetu wamekaa pale kwenye mbuzi za kukunia nazi na kwenye majamvi. Nilikuuliza kwa sauti ya chini, wao ni mashahidi. Hukukana. Ukasema, "Wifi, karafuu ni ya Pemba nzima. Mama yako hakuipanda yeye." Na mwiko ukaendelea. Hukugeuka hata kunitazama. Mama ana siku tatu kaburini, nawe unapakua pilau ya hitima yake na unanijibu hivyo.

Kaka alinieleza baadaye. Ada za watoto, kodi ya nyumba, fundi mwenye mashine alitaka nakshi na kalipa. Shida naijua, wifi, mie nayo nimelala nayo. Lakini upatu ulikuwepo. Ungesema neno moja tungekupa zamu ya mbele, na wanawake wale hawakupata kumnyima mtu mwenye ada ya mtoto. Ulikwenda kwa fundi kwa kuwa kwetu ungelazimika kuomba, na kwake ulikuwa unauza.

Na hoja yako nimeipima, usidhani nimeipuuza. Ni kweli karafuu haina mwenyewe. Ni kweli Waomani wana kofia zao za kumma, zenye matobo kama zetu, na hakuna aliyemwendea mwenzake kudai. Watu wameniambia niende COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, sheria ya hakimiliki hapa kwetu ipo tangu 2003. Sikwenda, na sitakwenda kumshitaki mke wa kaka yangu. Ila tobo ni la wote, ua ni la wote, mkono ule wa kushoto ulikuwa wa mtu mmoja. Mashine haikunakili karafuu, imemnakili mama. Na waliopata hasara si mie. Ni wale wanawake wanne watano waliokuwa wakiishi kwa ua lile. Kofia inakula miezi miwili mitatu ya macho ya mtu, halafu mnunuzi anaiinua na kusema hii hii nimeiona Darajani kwa bei ya sahani chache za chipsi. Wawili wameacha kabisa. Mmoja anauza maji ya barafu skuli. Ni huyo huyo aliyekufundisha kukaza uzi.

Kwa hiyo nililifunga daftari ndani ya kasha, na funguo naivaa mwenyewe. Wamo kwenye familia wanaosema nina roho mbaya, na kwamba mwanamke aliyefiwa asishike kinyongo. Wanaosema hivyo hawakuwahi kufumua tobo. Nilichokilinda si karatasi, ni riziki ya watu, na kama yangekuwa ya kurudi ningelifunga mapema zaidi.

Sasa sikia kuhusu mwanao. Mwambie asinunue bafta nyepesi ya kung'aa, inateleza. Anunue nzito, aifue kwanza ili irudi ndani, ndipo ichorwe. Asikate kwa kukisia. Apime kichwa cha mchumba kwa uzi juu ya masikio, na kama mchumba anaona haya, dada yake atapima. Aanze na duara la juu, kwa kuwa makosa ya mwanzo huko yanaonekana na yatamfundisha. Asiharakishe kwa sababu ya tarehe ya harusi: kofia ikichelewa ataivaa Ijumaa ya pili, na ndoa haitapungua. Asimpe mtu yeyote kuipiga picha kabla haijamalizika. Na dondo, wanga wa kuikazia kofia, atie nyepesi; faruma ya mama, kile kibao cha kuivalishia kofia, ipo hapa, nitamwazima.

Kwa kifupi aje Wete. Nitamchorea mwenyewe, kwa mkono wangu wa kulia nikiufuatisha mchoro wa mama kwenye kioo cha dirisha, vikonyo vitalala kushoto kama inavyotakiwa. Atakaa na wasichana wa kikundi, atafumua kama ulivyofumua, chumba chake kipo na chakula kipo.

Na wewe ukija naye, mlango sitaufunga, kitanda chako ni kile kile. Ila lile neno la jikoni utalifuta kwanza, mbele ya shangazi zetu wale wale waliolisikia. Wawili ni wagonjwa, kwa hiyo usikawie.

Wifi yako wa Wete