Habari za wanaojifungua ukubwani ziandikwe kikamilifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wanawake wengi wa rika langu tunalijadili kwa sauti ya chini, nalo ni kutafuta mtoto ukiwa umeshavuka miaka 35 au 40. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niliolewa nikiwa na miaka 38, na mimi na mume wangu bado tunatafuta. Siandiki kuomba huruma. Naandika kwa sababu namna habari za uzazi wa ukubwani zinavyoandikwa na kusambazwa nchini kwetu inawachelewesha wanawake kufika hospitali, tena wale hasa ambao hawana muda wa kuchelewa.

Mwezi Novemba 2023 mwanamke wa miaka 70 alijifungua pacha, wa kiume na wa kike, jijini Kampala. Habari ile ilienea Afrika Mashariki nzima kwa siku chache. Hospitali yenyewe ilieleza wazi kwamba yai lilitolewa na mwanamke mwingine, likarutubishwa maabara, kisha mimba ikapandikizwa. Lakini kilichosafiri kwenye simu za watu kilikuwa picha ya mama yule na umri wake, basi. Tangu hapo nimeambiwa na watu wa kila aina, wakiwemo wasomi, kwamba sina sababu ya kuhangaika na hospitali ilhali hata bibi wa Uganda amezaa. Wengine hunitajia Sara mke wa Ibrahimu, na Elisabeti mke wa Zakaria. Imani yangu naithamini na sina ugomvi na anayeniombea dua. Ninachosema ni kwamba muujiza unaosimuliwa katika vitabu vitakatifu ni kitu kimoja na upandikizaji mimba ni kitu kingine, na habari ya upandikizaji ikitolewa bila kutaja yai limetoka wapi, msomaji huipokea kama muujiza na kukaa kuusubiri wa kwake.

Ukweli wa kitabibu si mgumu kueleza. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na milioni 2, wala mwili wake hautengenezi mengine baadaye. Anapovunja ungo huwa amebakiwa na takriban 300,000 hadi 400,000, na idadi hiyo huendelea kupungua mwezi hadi mwezi, awe ameolewa au hajaolewa, awe anatumia vidonge vya uzazi wa mpango au hatumii. Kuanzia miaka 35 hivi kasi ya kupungua huongezeka, na mayai yanayosalia huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kasoro katika mgawanyo wa kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya yai. Ndiyo maana kati ya wanawake 100 wenye miaka 30 wanaotafuta mimba, takriban 20 hushika katika mwezi mmoja, ilhali kwa wenye miaka 40 ni takriban 5 tu. Ndiyo maana pia, kwa wanawake waliofika miaka 40, takriban mimba moja kati ya tatu hutoka. Mambo haya hayatokani na laana ya ukoo, wala hayatokani na vidonge alivyomeza msichana alipokuwa chuoni, kama tunavyosutwa na mawifi na hata na wanawake wenzetu. Ni umri wa yai, na umri wa yai hauonekani usoni. Mwanamke anaweza kuwa na afya njema, ngozi nyororo na hedhi isiyokosa mwezi, huku akiba yake ikiwa imepungua sana.

Kutokana na hali hiyo madaktari wameweka utaratibu ambao ningependa kila msomaji wako aujue. Wanandoa ambao mke hajafika miaka 35 huanza kuchunguzwa baada ya miezi 12 ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kinga na bila kupata mimba. Mke akivuka miaka 35, kipindi hicho ni miezi 6. Akivuka 40, hakuna cha kusubiri, uchunguzi unaanza mara tu wanapoamua kutafuta mtoto. Hata hivyo ushauri tunaoupata mitaani, na wakati mwingine kwenye zahanati zetu, ni ule ule kwa kila mtu: nenda kapumzike, acha mawazo, mtoto huja kwa wakati wake. Binti wa miaka 24 akiambiwa hivyo hapotezi kitu kikubwa. Mwanamke wa miaka 41 akiambiwa hivyo, akatii kwa mwaka mzima, amepoteza sehemu ya maana ya nafasi aliyokuwa nayo.

Hata hesabu ya siku za kushika mimba hufundishwa nusu nusu. Tumekaririshwa siku ya 14, kana kwamba wanawake wote tuna mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na kwa wengi wetu mzunguko huanza kuwa mfupi tunapoelekea miaka 40. Mwenye mzunguko wa siku 25 yai lake hutoka karibu na siku ya 11. Yai likishatoka halikai zaidi ya siku moja, lakini mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku tano, kwa hiyo wenye mzunguko mfupi wanaosubiri ile siku ya 14 huwa wanakutana yai likiwa limeshakufa.

Sasa nije kwa wanaume, na hapa naomba uvumilivu wako, Mhariri, kwa sababu ndipo muda mwingi zaidi unapopotea. Katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, tatizo, au sehemu ya tatizo, liko kwa mume. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vyote vya mwanamke: hakihitaji sindano, hakihitaji kulala kitandani, wala hakiachi maumivu. Mwanamume hujizuia kukutana kimwili kwa siku 2 hadi 7, hupewa kikopo kidogo cha plastiki chenye mfuniko, na kama hatatoa sampuli hapo hapo hospitali, huelekezwa aifikishe maabara ndani ya saa moja, akiwa ameiweka chini ya shati karibu na mwili ili isipoe. Kisha huhesabiwa wingi wa mbegu, mwendo wake na umbo lake. Kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia kwa wingi ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita.

Pamoja na wepesi huo, mwanamke ndiye anayepelekwa mbele. Katika hospitali moja nilipimwa ultrasaundi, nikapimwa homoni, nikapigwa picha ya mirija, na hakuna aliyeniuliza habari za mume wangu hadi nilipouliza mwenyewe kama naye hapaswi kupimwa. Mume wangu alikubali siku ile ile, na kwa hilo namshukuru, kwa sababu nawajua wanawake ambao waume zao wamekataa katakata. Sababu huwa mbili. Ya kwanza ni kwamba mwanamume anachanganya nguvu za kiume na uwezo wa kutungisha mimba, akidhani kwamba anayetimiza haki ya ndoa bila shida hawezi kuwa na mbegu chache. Hivi ni vitu tofauti kabisa. Ya pili ni kwamba ana mtoto tayari, wa ndoa ya zamani au wa ujanani, na kwake huo ni ushahidi uliofunga kesi. Mtoto aliyezaliwa miaka 15 iliyopita anathibitisha hali ya baba yake ya miaka 15 iliyopita. Tangu wakati huo huenda amepata kisonono kisichotibiwa vizuri, au mishipa ya korodani imevimba, au amekuwa mvutaji sigara, au anachoma sindano za homoni za kiume ili kujenga misuli, sindano ambazo zinaweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu. Mbegu pia huzeeka, ingawa polepole kuliko yai, na umri mkubwa wa baba huongeza uwezekano wa mimba kutoka. Lipo na la kutia moyo: mbegu hutengenezwa upya kwa kipindi cha takriban miezi miwili na nusu, kwa hiyo mwanamume anayeacha sigara au sindano hizo leo anaweza kuona mabadiliko katika kipimo cha baada ya miezi mitatu hivi, na wengine baadaye kidogo.

Pengo hili la maarifa limejazwa na wafanyabiashara. Kwenye nguzo ya umeme iliyo mbele ya geti la shule yetu imebandikwa karatasi ya manjano yenye maandishi ya kalamu nene: kuzibua mirija, kusafisha kizazi, kuondoa uvimbe, kumrudisha mpenzi, na chini yake namba ya simu. Mwalimu mwenzangu alinunua dawa ya namna hiyo. Aliletewa katika chupa ya soda iliyotumika, maji ya kahawia yenye machicha chini, na maelekezo ya kunywa kikombe kimoja cha kahawa asubuhi kabla ya kula. Mirija ya uzazi huziba kwa makovu, na katika nchi zetu makovu hayo husababishwa zaidi na maambukizi kama kisonono na klamidia, au maambukizi yanayofuata kuharibika kwa mimba na kujifungua. Kovu halitoki kwa kunywa kitu. Hujulikana kwa picha ya eksirei inayopigwa huku dawa maalumu ikiingizwa kupitia mlango wa kizazi, na ikithibitika kwamba mirija yote miwili imeziba, njia zilizopo ni upasuaji au upandikizaji mimba. Siwadharau waganga wa tiba asili kwa jumla, lakini anayemuuzia mwanamke wa miaka 39 chupa ile kwa ahadi ya miezi sita anamwibia zaidi ya fedha.

Upandikizaji nao uelezwe kwa ukweli. Mtoto wa kwanza aliyepatikana kwa njia hii alizaliwa Oldham, Uingereza, mwezi Julai 1978, na jirani zetu wa Kenya walipata wa kwao wa kwanza mwaka 2006. Huduma ipo, na gharama yake ni mamilioni ya shilingi, fedha ambazo kwa wengi wetu ni bei ya kiwanja. Kinachofichwa katika matangazo ni kwamba upandikizaji hauwezi kulifanya yai la miaka 43 kuwa la miaka 30. Kwa kutumia mayai yake mwenyewe katika umri huo, nafasi ya mwanamke kurudi nyumbani na mtoto ni chini ya moja kati ya kumi kwa kila jaribio. Mayai ya mwanamke mwingine hubadilisha hesabu hiyo, lakini huleta maswali ambayo wanandoa wanapaswa kuyajadili mapema na viongozi wao wa dini. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu upandikizaji kati ya mume na mke walio katika ndoa na kukataza kuingiza mtu wa tatu, na Kanisa Katoliki liliukataa upandikizaji wenyewe katika waraka wake wa mwaka 1987. Mtu ana haki ya kuyajua hayo kabla ya kuuza shamba.

Kwa waliofanikiwa kushika mimba, lisisahaulike kwamba baada ya miaka 40 hatari ya shinikizo la damu, kifafa cha mimba na kisukari cha mimba huongezeka, kwa hiyo kliniki ianze mapema, na vidonge vya foliki asidi vianze hata kabla ya mimba kutungwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni mambo mawili. Kila mnapochapisha habari ya mwanamke aliyejifungua akiwa na miaka 50 au zaidi, awe mwigizaji wa Marekani au mama wa kijijini, mwandishi aulize kama mimba ilipatikana kwa upandikizaji na yai lilitoka kwa nani, na jibu liwekwe katika aya ya kwanza au ya pili. Kama wahusika hawakutaka kusema, na hilo liandikwe. La pili linahusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023. Naomba waandishi wako wawaulize wahusika kama uchunguzi wa awali wa ugumba, kipimo cha mbegu cha mume kikiwa cha kwanza, umo katika kitita cha msingi, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima hiyo, na mtuchapishie jibu watakalotoa. Jina langu na namba ya simu nimekuandikia katika karatasi ya pembeni, lakini naomba usivichapishe.

Wako mtiifu,
Mwalimu, Morogoro