Maandalizi ya kipindi cha sanaa Jumamosi

Ndugu wanakikundi,

Kipindi chetu cha tiba ya sanaa kitaanza saa 3 asubuhi, na kwa kuwa tutakuwa na watoto wenye usonji pamoja na watu wazima waliopata kiharusi, vifaa vya aina moja havitawafaa wote. Anayeshindwa kukunja vidole apewe brashi ambayo mpini wake umeviringishiwa kitambaa hadi ukanenepa, na karatasi yake ibandikwe mezani kwa selotepu isije ikateleza. Mtoto asiyependa kushika udongo wa mfinyanzi asishurutishwe, penseli za rangi zinamtosha.

La muhimu zaidi, tusimfasirie mtu mchoro wake. Edward Adamson, msanii aliyeanza kazi hii mwaka 1946 katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Netherne nchini Uingereza, aliwaacha wagonjwa wachore bila kuwaingilia, nami sijaona utaratibu ulio bora kuliko huo. Swali la “Hii ni nini?” humgeuza mchoraji kuwa mtahiniwa, afadhali kukaa kando yake na kumsikiliza akianza mwenyewe.

Picha za michoro zisirushwe humu kabla mwenyewe au mlezi wake hajaridhia. Tafadhali leteni pia mashati makuukuu ya kuvaa juu ya nguo.